Debe la Babu na Sare za Kwaya

Nyuma ya jiko la bibi, kule kijijini Bukoba, kulikuwa na debe moja lisilokaa sawa. Ukiliweka chini linayumba kama mlevi, maana kitako chake kilikuwa kimetokeza nje. Sisi wajukuu tulilitumia kuchotea maji ya ng'ombe, na hakuna aliyetuambia lilipata wapi tumbo lile. Nilikuwa kidato cha pili niliposikia habari yake, tena kwa kinywa cha babu mwenyewe, amesimama mbele ya watu kwenye ushirika wa walokole, ametulia kama mtu anayesoma matangazo ya usharika.

Babu alikuwa mnunuzi wa kahawa. Si yule wa chama cha ushirika mwenye mizani na stakabadhi. Alikuwa wa ile biashara ambayo Kagera tunaiita butura. Mkulima ameishiwa, ada ya shule inadaiwa, mgonjwa yuko kitandani, na kahawa bado iko mtini, pengine ni maua tu. Anatokea mtu mwenye fedha mkononi, anainunua ikiwa hukohuko juu kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anakuja kuchukua chake. Serikali imeipiga butura marufuku miaka nenda miaka rudi, na njaa imeirudisha kila mara. Babu hakutosheka na faida hiyo. Alichukua nyundo, akagonga kitako cha debe kutoka ndani mpaka kikabinuka, na tangu siku hiyo kila debe la kahawa ya maganda alilopimiwa likawa limebeba vibaba viwili visivyohesabiwa.

Halafu mwaka 1968 akaokoka.

Nimeikumbuka habari hii kwa sababu kila nikifungua simu nakuta wapendwa wakikabana koo juu ya neema na utakatifu. Mmoja anasema tumeokolewa bure, acheni kututisha na sheria, na mkononi ana Waefeso 2:8. Mwingine anajibu kwamba bila utakatifu hakuna atakayemwona Bwana, Waebrania 12:14, acheni kujificha chini ya shuka la neema. Mimi nimekuwa wa upande wa pili, kisha nikawa wa upande wa kwanza, na pande zote mbili nilikuwa na bidii ya kuchosha watu. Kilichonitoa huko ni debe lile, pamoja na sare za kwaya ambazo nitazieleza, ingawa ningependa nisizieleze.

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana babu hakuokoka hewani. Neno mlokole tumelipokea kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa Waganda, na maana yake ni mtu aliyeokolewa. Hadi leo ukisikia "yule ni mlokole" inabidi usikilize sauti ya msemaji ndipo ujue kama anasifu au anacheka. Mwaka 1929, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi kwenye hospitali ya misheni ya Gahini huko Rwanda na roho yake ikiwa imekauka, alikutana Kampala, kwenye kilima cha Namirembe, na Mganda Simeoni Nsibambi. Wakakaa na Biblia zao, wakaomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa akitumika Gahini. Alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na kifo chake kikawa kama petroli kwenye moto wa uamsho wa walokole. Mwaka 1937 moto huo ulikuwa umefika Kabete, Kenya, na miaka hiyohiyo ukavuka kuingia kwetu Kagera. Kwa sehemu kubwa haukujenga kanisa jipya. Ulibaki ndani ya Uanglikana na ndani ya Ulutheri wetu, ukawaamsha watu waliokuwa tayari kwenye viti. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huu.

Wakati babu anaokoka, walokole walikuwa na desturi ambayo leo naisikia kwa nadra sana. Waliiita kutengeneza. Ukisema Yesu amekusamehe, ndugu wanaimba wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza Yesu (tunakusifu, Yesu), wanakukumbatia, kisha wanakuuliza, taratibu tu, umekwenda kutengeneza na nani. Umeiba jembe, lirudishe. Umesema uongo juu ya jirani, nenda ukamwambie jirani. Festo Kivengere, aliyefundisha shule Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, alizoea kusimulia jinsi alivyopanda baiskeli akaenda mwendo mrefu kumwomba radhi Mwingereza mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 Februari na yeye mwenyewe kukimbia nchi, Kivengere alichapisha kitabu kidogo akitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Nikimweka pembeni yangu, mimi niliyewahi kudhani utakatifu ni kutovaa suruali ya kubana, naona aibu kidogo.

Basi babu akaanza kutengeneza. Aliuza ng'ombe wawili, akakata kipande cha kibanja, yaani shamba la nyumbani, upande wa bondeni akakiuza pia, akabeba fedha kwenye mfuko wa kitambaa, akazunguka kaya kumi na saba. Kila alipofika alibisha hodi, akakaa, akasema, debe nililopimia kahawa yenu lilikuwa na kitako cha uongo, hii ni haki yenu. Wengi walilia. Wengine walihesabu mara mbili mbele yake. Mzee mmoja alikataa kabisa kupokea. Akamwambia, "Mimi nilishakulaani miaka mitatu iliyopita. Sasa nikichukua hizi, ile laana niifanyeje?" Babu hakupata jibu. Aliiacha fedha kizingitini, na mvua ilipoanza yule mzee akatuma mtoto aiingize ndani.

Kwenye ushuhuda wake babu alipenda kuishia hapo, watu wakacheka, wimbo ukapandishwa. Bibi hakuishia hapo. Siku moja nikimsaidia kumenya ndizi nilimuuliza mwaka ule ulikuwaje. Akajibu bila kuinua kichwa: "Neema ya babu yenu tuliila bila chumvi." Alikuwa na watoto watano. Alikwenda kulima vibarua kwenye vibanja vya watu walewale waliorudishiwa fedha. Shangazi yangu mkubwa aliacha shule mwaka huo na hakurudi tena. Bibi naye alikuwa mlokole, aliokoka miaka miwili baada ya mumewe, na hakuwahi kusema babu alikosea. Ila chumvi alikuwa anaikumbuka. Tangu siku hiyo nikisikia mhubiri anasimulia utii wa mtu fulani, moyo wangu huuliza kimyakimya mke wake alikula nini.

Sasa mimi. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, nimepitia kipaimara, na kama wenzangu wote nilikariri Katekisimu Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529. Inaanza na Amri Kumi. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo na alitaka amri zitoke bila kukwama. Ya kwanza: usiwe na miungu mingine. Nilizijua zote kumi, na maana zake, kabla sijafika kwenye Imani ya Mitume. Hivyo kichwani mwangu dini ikajipanga kwa utaratibu huo: kwanza amri, halafu Mungu.

Nilikuwa mtu mzima nilipofungua Kutoka 20 kwa macho yangu, nikakuta kwamba kabla ya amri ya kwanza kuna sentensi ambayo katika ile katekisimu haimo. "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Bahari imeshavukwa. Mana imeshaliwa. Farao ameshazama na magari yake sura sita nyuma. Ndipo wanaambiwa usiibe. Sikuwa nimeona kwamba amri zile wanapewa watu waliokwisha kutolewa. Mungu hakusimama ng'ambo ya bahari na orodha mkononi akisema wakifaulu kumi hizi atawavusha.

Simlaumu Luther. Mwaka 1520 alikuwa ameshaandika kwamba si matendo mema yanayomfanya mtu kuwa mwema; mtu mwema ndiye atendaye matendo mema. Shida ilikuwa fimbo ya mwalimu wangu, au pengine masikio yangu.

Chuoni niliingia kwenye kikundi cha maombi ambacho nilikipenda sana. Sitakitaja. Tulifunga Jumatano na Ijumaa, tulikesha, na tulikuwa na mambo yetu: dada asisuke nywele za bandia, kaka asiangalie mpira, soda ya rangi nyeusi ina walakini, muziki ambao si wa injili ni mlango. Hakuna aliyeyaandika mahali, lakini kila mtu aliyajua, na kila mwezi yaliongezeka. Siku hizo nilikuwa mwepesi kuliko wakati wowote wa maisha yangu kutambua dhambi ya mtu mwingine hata akiwa ng'ambo ya barabara. Baadaye nilisoma kwamba uamsho wenyewe ulipita njia hiyo. Miaka ya mwanzoni ya 1970, huko Uganda, kundi la walioamshwa upya lilijitenga na ndugu zao, na moja ya mambo waliyokataa ni mikopo. Naelewa mtu anavyofika huko. Kutengeneza na jirani kunakuvua nguo, kunakuacha uchi mlangoni kwa mtu. Sheria mpya inakuvika. Ukikatazwa soda, unaacha soda, jioni unajiona umesogea.

Nilichoka. Na nilipochoka nilikimbilia ng'ambo nyingine, kwenye mahubiri ya neema yaliyokuwa yameshika kasi Dar es Salaam. Ilikuwa kama kutoka kwenye chumba chenye moshi. Deni limefutwa! Mungu haangalii mavazi, anaangalia moyo! Nililia ibada ya kwanza, na sikulia kwa kuigiza. Mengi niliyosikia pale ni kweli na bado nayaamini. Ila lazima niseme jambo kuhusu lugha yetu. Kiswahili kinalitumia neno neema kwa ajili ya mvua na mavuno. Mwaka wa neema ni mwaka ghala limejaa. Masikio yetu yakisikia neema yanasikia kupata. Utakatifu nao umetoka kwenye kutakata, kama mbingu zinavyotakata baada ya mvua, kama nguo inavyotakata baada ya kufuliwa. Mimi nililisikia vizuri sana lile la kupata. La kufuliwa nikaliacha lipite.

Wakati huo nilikuwa mhazini wa kwaya ya vijana. Tulichanga fedha za sare kwa miezi minane, shilingi 640,000, zikakaa kwangu. Mwenye nyumba alitaka kodi. Nikachukua 250,000 nikijiambia mwisho wa mwezi nitarudisha. Mwisho wa mwezi ukaja ukapita kama basi lililojaa. Siku ya kumlipa fundi nilisema kwamba baadhi ya wanakwaya hawajakamilisha michango, na kwa kuwa kweli wawili walikuwa hawajakamilisha, uongo wangu ukapata mguu wa kusimamia. Sare zikapatikana hata hivyo. Sikuuliza zimepatikanaje. Tuliimba nazo Pasaka, zambarau yenye kola nyeupe.

Halafu nikasikia yale mahubiri, nikaungama kwa Mungu, nikiwa peke yangu chumbani, na nikainuka mwepesi. Limefutwa. Niliishi hivyo miaka mitatu, tena nikiwashuhudia wengine.

Likizo moja nilipanda basi hadi Bukoba. Babu alikuwa ameshazidi miaka themanini, macho yamefifia, akili kama wembe. Jioni ya kwanza, kwa furaha kabisa, nikampa ushuhuda wangu kama yeye alivyokuwa akitoa wake. Nilidhani angepandisha Tukutendereza. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Hizo sare zilishonwa?"

Nikasema zilishonwa.

"Kwa fedha ya nani?"

Nikasema sijui, babu.

"Mwana wange," akasema, "Mungu amekusamehe, sina shaka. Lakini kuna mtu alikulipia na hata jina lake hukuuliza."

Sikulala vizuri. Nilikuwa na hoja zangu na nilizipanga gizani moja baada ya nyingine. Damu ya Yesu imelipa yote. Kurudisha si kuongeza kitu kwenye kazi iliyokwisha? Asubuhi nilimkuta babu anaota jua, nikamwuliza hilohilo. Kama alisamehewa bure, ng'ombe wawili walikwenda kufanya nini? Aliniuliza kama Zakayo aliteremka mtini kabla ya kurudisha au baada ya kurudisha. Kisha akanyamaza, na nikajua mazungumzo yamekwisha. Babu hakuwa mtu wa kutafuna chakula cha mwenzake.

Nikaenda kumsoma Zakayo tena, yule mtoza ushuru wa Luka 19. Yesu anasema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Hasemi kwanza rudisha. Anaingia kwenye nyumba iliyojengwa kwa fedha za dhuluma, watu wananung'unika nje, na wanayo haki ya kunung'unika kwa kuwa fedha ni zao. Ni ndani ya nyumba hiyo Zakayo anaposimama na kutaja nusu ya mali na mara nne. Torati ilimtaka mkosaji anayeungama arudishe kile kitu na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ilikuwa ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja. Zakayo anajipigia hesabu ya mwizi na hakuna aliyemwomba. Namwona kama mtu aliyekuwa amefumba ngumi miaka mingi, na alipopewa mgeni asiyemstahili ngumi ikafunguka yenyewe, vitu vikaanguka.

Na kuna Tito 2, ambayo ndiyo iliyonimaliza. Watu wa neema tunaupenda mstari wa 11, neema ya Mungu iwaokoayo wanadamu wote imefunuliwa. Watu wa utakatifu wanaupenda wa 12, kwamba neema hiyo yatufundisha kukataa ubaya. Tayari hapo mgombano wetu umekosa mahali pa kusimama, maana anayefundisha utakatifu ndani ya sentensi hiyo ni neema yenyewe, na neno alilotumia Paulo kwa Kigiriki ni la kumlea mtoto na kumrudi. Lakini angalia mstari wa 10, ule ambao hakuna anayeuandika kwenye fulana. Paulo anazungumza na watumwa, anawaambia wasiwe waibaji. Wizi mdogo mdogo wa nyumbani. Kisha bila kupumua: "Maana neema ya Mungu..." Nilikuwa nimeusoma ule wa 11 mara mia na sikuwa nimeona kwamba umefungwa kamba kwenye mkono wa mdokozi.

Niliporudi Dar ilinichukua mwezi mwingine. Kusema kweli sikuwa na fedha, na nilipozipata nikakosa ujasiri, vikapishana hivyo. Hatimaye nilikwenda kwa aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kwaya, mama mjane anayeuza chai na chapati karibu na kituo cha daladala. Nilimkuta saa nne asubuhi, wateja wamepungua. Nikamwamkia, nikakaa kwenye benchi, nikasema yote mpaka mwisho. Bahasha nikaiweka mezani.

Akafuta mikono kwenye kanga, akahesabu. Akahesabu tena.

"Nilijua," akasema.

Nikamwuliza alijua tangu lini.

"Siku ileile. Fundi alitaka laki mbili na nusu iliyopungua, na michango iliyobaki ilikuwa ya watu wawili, elfu arobaini. Mimi nafanya biashara, mwanangu, hesabu naijua."

Ilikuwa fedha yake ya mchezo, zamu yake ya kupokea. Alikuwa akitaka kuezeka banda la nyuma. Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele ya kwaya.

"Ningesema siku ile ungehama kanisa. Nikasema acha nikusubiri." Akaiweka bahasha chini ya unga. "Sikujua utachukua miaka mitatu."

Sikuwa na la kusema. Banda la nyuma lilikuwa bado limefunikwa na turubai, nililiona kutoka pale nilipokaa.

Akanimiminia chai bila kuulizwa, akaweka na chapati mbili. Nikala. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: pale alipokwenda kumbembeleza fundi asiuze kitambaa, nauli ya kwenda na kurudi mara mbili, elfu tano. Na Zakayo alirudisha mara ngapi vile? Akacheka mpaka akashika meza. Nikatoa elfu tano. Nikainuka kuaga, nikamshukuru kwa chai.

"Chai ni yangu," akasema. "Chapati ni elfu moja."

Nikalipa.